Koti la Kijivu

Pwani ya Carolina Kaskazini, Machi 1862

Kwa shemeji yangu Mehitabel,

Jozi mbili za soksi ulizotutumia kabla ya msiba zimefika zikiwa kavu, jambo adimu katika kinamasi hiki. Waniuliza mumeo alikufaje. Nimejaribu kuyapanga matukio, nayo hayapangiki.

Asubuhi ile ya mvua Asahel alivaa koti la kijivu tulilomvua mateka wa waasi. Nilimwambia alivue, avae letu la buluu. Akacheka: “Kaka, acha ualimu! Baridi haijui rangi. Au waogopa nitahamia kwao?”

Tuliposhambulia ngome, moshi ulitanda juu ya maji tukapotezana. Nilifyatua bunduki mara tatu, mbili za kwanza bila kuona kitu. Kisha mtu mwenye koti la kijivu akatokea moshini akinikimbilia, akipaza sauti ambayo mizinga iliimeza. Nilimlenga, akaanguka.

Moshi ulipotoweka, tulimkuta Asahel amekufa mahali hapo, kati ya maiti za waasi watano waliovaa kijivu. Siwezi kusema nilimlenga yupi.

Kapteni ameandika kwamba aliuawa na adui. Mama mweleze hivyo. Wewe nimekuandikia ninachokijua.

Jozi yake ya soksi sijaivaa.

Shemeji yako,
Lemuel