Maji Niliyojifuta

Kiembeni, 18 Januari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi chako cha kaskazi kimekuacha. Mimi na Brian hatujambo. Mwili hauna neno.

Najua utashangaa nimekukumbuka vipi leo. Miaka mitatu hatujaonana, na kati yetu ni feri moja tu na matatu mbili. Ningekupigia simu kama ungeisikia, lakini masikio yako uliyaacha kwenye mashine za kiwanda kule Changamwe, na maneno haya siwezi kuyapigia kelele. Barua hii nitampa jirani yako Mwanatatu, akija sokoni Kongowea kununua viazi vyake vya kukaanga. Ameahidi kuifunga kwenye pindo la leso, na amekataa nauli.

Baba, siwezi kuomba. Napiga magoti, nafungua kinywa, na ni kama naongea na ukuta. Kanisani kwetu wamenifungisha siku saba, wamenipaka mafuta, wakasema ukavu huu umetokana na yale maji ya siku ya harusi yangu na Brian, na kwamba sitafunguliwa mpaka nikate undugu na wewe. Mimi naona ukavu ulianza nilipojifuta. Ulinipulizia funda la maji kifuani ukanitamkia baraka, kama nyanya alivyokutamkia wewe, nami nikachukua kitambaa nikajifuta mbele ya wageni, kwa sababu mchungaji wetu, asiyetaka mila, alikuwa akiniangalia. Nisamehe.

Binti yako,
Sidi

Likoni, 9 Februari 2024

Kwako Sidi,

Marahaba. Mimi ni mzima. Barua imefika. Mwanatatu alisimama mlangoni akingoja jibu mpaka viazi vyake vikaungua, kisha akanilaumu mimi.

Paa la jikoni linavuja. Fundi ameahidi kuja, na ahadi za fundi unazijua. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Kengele ya kanisa bado napiga mimi, ingawa siisikii.

Mambo ya maji sina la kusema. Yalishakauka. Muulize mchungaji wako.

Babako,
Changawa

Kiembeni, 14 Machi 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Pole kwa paa, na hongera kwa mbuzi. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, nikitafuta neno moja. Tangu nizaliwe uliniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamako. Safari hii umeniita Sidi, kama karani anayeita foleni.

Lile kanisa nimeliacha. Brian amenuna kidogo, atapoa. Jumapili iliyopita niliingia kanisa la Kianglikana hapa Kisauni, wanakoimba nyimbo ulizonifundisha ningali mdogo. Nililia kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Watu walipopanga mstari kwenda Meza ya Bwana, mimi nilibaki kwenye benchi. Nilikumbuka tulivyofundishwa, kwamba ukiwa na neno na mwenzako, uiache sadaka yako pale na uende mkapatane kwanza.

Nimekuja kupatana, Baba, na mlango umefungwa. Wewe kimya, Mungu kimya, na sijui nibishe hodi kwa nani kwanza. Natamani sauti yako, hata iwe ya kunigombeza.

Binti yako,
Sidi

Kiembeni, 6 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Masika yote yamepita bila barua. Mwanatatu ananiambia u mzima na unakula, nashukuru.

Ameniambia na jambo jingine. Kibanda chake kinatazamana na kanisa lenu, na anasema kila Jumapili ukishapiga kengele huingii ndani, unakaa kibarazani mpaka watu watoke. Yeye ni Mwislamu, alidhani ndiyo desturi yetu. Nimemwambia sivyo. Baba, una nini?

Binti yako,
Sidi

Likoni, 21 Julai 2024

Mama,

Marahaba, na marahaba tena kwa zote nilizokunyima. U hali gani? Brian je? Mimi mwili ni mzima. Mwanatatu hajui kuweka siri, na wallahi, kama asemavyo mwenyewe, safari hii amefanya vyema.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Siku ile ulipojifuta, niliona aibu mbele ya ndugu zangu. Niliporudi nyumbani nilisema, "Na asipate raha mbele za huyo Mungu wake." Nilisema peke yangu, mimi mzee wa kanisa. Tangu hapo sijagusa kikombe cha Bwana. Napiga kengele, naita wenzangu waingie, mimi nabaki nje.

Uliponiandikia kwamba huwezi kuomba, niliogopa. Nilijua ni neno langu limekufuata, na badala ya kukwambia nikakupa habari za mbuzi. Sijui kama neno la mzee mwenye hasira linaweza kumzuia Mungu asimfikie mtu. Kasisi anasema haliwezi. Hata hivyo nalirudisha, mbele zake na mbele yako. Nisamehe, Mama.

Na huo ukimya unaoulilia, mimi si mhubiri. Najua tu kwamba kengele hii sijaisikia huu mwaka wa kumi na moja. Nikivuta kamba, mtetemo wake unanijia mikononi, nikajua imelia.

Njoo Jumapili utakayopata nafasi. Wahi feri ya mapema.

Babako

Kiembeni, 5 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama. Brian anakusalimu, na mihogo uliyomtumia ameimaliza peke yake.

Nakuandikia kwa kuwa kuna jambo jana sikuweza kukupigia kelele, majirani wasije wakadhani tunagombana. Baada ya ibada tulikaa kibarazani tukimenya mihogo mpaka alasiri. Hukusema neno, nami sikusema, na wala sikujiona nimeachwa. Nikawaza, huenda miaka hii mitatu Mungu alikuwa amekaa nami hivyo hivyo, mimi nikimng'ang'aniza ajibu.

Sikusikia sauti, Baba. Hata tulipopiga magoti bega kwa bega, kikombe kikatoka kwako kikaja kwangu, sikusikia kitu. Nilitamani sana, na bado natamani. Lakini moyo umetulia, na leo asubuhi nimeomba mpaka chai ikapoa.

Uliponipulizia yale maji mlangoni nikiaga, ulilowesha blauzi yote. Mzee mzima huna kiasi. Nilivuka feri hivyo hivyo, upepo unanipiga kifuani. Mama mmoja aliyesimama karibu yangu alinihurumia, akatoa kitambaa nijifute. Nikamwambia ahsante, nayaacha yakauke yenyewe.

Mamako,
Sidi