Ukuta wa Bibi Nyanzala

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nyumba ya tano leo. Rangi nyekundu inakaribia kwisha. Mwenyekiti wa kijiji anataka neno moja kila nyumba, ili mtu anayetoka Tabora aisome sentensi nzima akitembea: HAPA KILA MTU ANALIMA, MVIVU NI KUPE. Wazo zuri. Nimeliringia kama langu.

Jumanne, 6 Agosti
NI, halafu KUPE. Nyumba ya saba, ya mwisho, ni ya Bibi Nyanzala. Mjane, miguu imevimba, shambani haendi. Nililijua hilo kabla sijachovya brashi. Ningeweza kuiruka nyumba. Lakini ukuta wake ni mpana, na ile K kubwa nilikuwa naitamani tangu asubuhi. Aliniuliza nimeandika nini. Nikamwambia nimeandika "Karibu." Akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikala.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimerudi kuandika kibao cha zahanati. Akina mama wa darasa la ngumbaru wanafundishwa kusoma kwa kuta zangu, nyumba hadi nyumba, kwa sauti. Kisimani zamu ya Bibi wanairuka. Wanalinong'ona lile neno akiwapa kisogo. Yeye anafagia chini ya ukuta kila siku, na wageni anawaambia wakaribie, imeandikwa. Nilipomwona nikajificha nyuma ya ghala. Mtu mzima na ndevu zangu.

Alhamisi, 22 Agosti
Nimemwomba mwenyekiti ruhusa ya kufuta. Amekataa. Hakuna aliyetajwa, kasema, ni hesabu ya nyumba tu. Uongo huohuo nilijiambia mimi.
Bibi Nyanzala amejiandikisha ngumbaru. Anataka kuusoma ukuta wake mwenyewe. 

Jumapili, 1 Septemba
Ruhusa iwepo isiwepo, nilikwenda na ndoo ya chokaa. Nimechelewa. Alikuwa amesimama na fimbo yake, kidole juu ya herufi.
"Ku," akasema. "Pe."
Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.
"Ulijua?"
"Nilijua, bibi."
Akaingia ndani. Aibu niliyoiona sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 2 Septemba
Nimepaka chokaa mara tatu, mchana, watu wakitazama. Mwenyekiti amenuna. Wekundu bado unaonekana kwa mbali.
Saa kumi darasa likapita. Wakasoma nyumba sita. Mbele ya ile nyeupe wote wakanyamaza. Bibi Nyanzala, aliyekuwa nyuma yao, akalisoma neno peke yake, polepole, bila kukosea.
Mwalimu, kwa mazoea, akamsifu.