Sibadilishi Kaliba

Jumapili, 12 Oktoba
Makala yangu kuhusu bunduki ya kuwindia elki haitoki ilivyo. Ndivyo alivyosema Faisal, mhariri wa jarida letu la uwindaji, kabla sijaketi. Nimependekeza kaliba, yaani kipenyo cha risasi, ya .308. Anataka .338 magnamu, nene na yenye baruti nyingi zaidi. Ndiyo aliyojinunulia, ndiyo anayojisifia kwa rafiki zake wa majlisi, baraza lao la jioni, na mwezi ujao anakwenda Kolorado kuwinda elki kwa mara ya kwanza. Nibadilishe, la sivyo nitafute kazi.

Sibadilishi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimepitia hoja zangu upya. Elki ni kulungu wa nchi za baridi, mzito kuliko nyumbu. Haangushwi na kishindo. Huanguka risasi ikipita mapafuni. .308 yenye risasi ngumu, isiyopasukia kwenye ngozi, inafika huko kwa mita mia mbili bila taabu. .338 inafika pia, na mbali zaidi. Sikulificha hilo. Lakini teke lake begani ni karibu maradufu, na anayeogopa teke hupiga tumbo. Mnyama wa namna hiyo hukimbia, akafa mbali, polepole. Niliwaona nyumbu hivyo Narok nikiripoti habari za majangili. Inatosha.

Jumatano, 15 Oktoba
Adhiambo, muuguzi mgeni kama mimi katika nchi hii ya Kiarabu, ninayeishi naye mtaa wa Al Mansoura, amesoma makala akinywa chai.

"Dada, ukifutwa kazi, huyo elki ndiye atakudhamini kibali cha kuishi hapa?"

Nina hofu. Nimeosha vyombo. Msimamo ni ule ule.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimemwambia Faisal tukutane uwanja wa shabaha. Apige yeye, nipakie mimi. Akipiga vizuri na .338 yake, nabadilisha makala. Amekubali mbele ya ofisi nzima.

"Yallah, mama. Njoo uone wanaume wanavyopiga."

Vizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba
Kanisani, Mesaimeer; hapa siku ya mapumziko ni Ijumaa, nasi husali leo. Sikumsumbua Mungu kwa mambo ya kaliba.

Jumamosi, 18 Oktoba
Amekuja na rafiki wawili. Risasi mbili za kwanza zimekwenda chini, kushoto. Akalaumu darubini. Kwa ya tatu nikapakia bubu, risasi isiyo na baruti. Msimamizi wa uwanja alijua. Faisal hakujua.

Akavuta. Kimya. Bunduki isiyolipuka haina sababu ya kusogea. Lakini mtutu ulizama chini kiganja kizima. Macho yamefumbwa, bega limejikunja. Wote waliona.

"Abu Jasim," rafiki mmoja akamwambia Faisal, akimwita kwa jina la mwanawe, "unaiogopa hata ikiwa imelala?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikampa .308 ya uwanja, nikichanganya bubu na za kweli. Mwanzo alishtuka vile vile. Baadaye akatulia. Matundu matatu ya mwisho yangefunikwa na sahani ya kikombe.

Ameondoka bila kuaga. Nimemwaibisha mbele ya watu wake. Najua maana yake hapa. Radhi siombi. Elki aliyepigwa tumboni hangepata wa kumwomba radhi.

Jumapili, 19 Oktoba
Faisal hakuja ofisini. Hakuna aliyenisemesha. Nimeweka vitu vyangu kwenye mfuko, ukabaki chini ya meza. Wakitaka niondoke, waseme wao. Sitajifukuza.

Jumatatu, 20 Oktoba
Amekuja. Ameweka makala mezani pangu. Haikuguswa: .308, na jina langu juu. Ameomba jambo moja tu, habari za uwanjani zisiingie. Hazikuwamo.

Akauliza kwa sauti ya chini ni nani atampakia akirudi kufanya mazoezi.

Mimi, nimemwambia. Jumamosi, saa tatu asubuhi.