Prosesa ya Kuzman

Mtaa wa Varoš,
Prilep.
14 Novemba 2022

Mpendwa Kaka Metodija,

Pokea salamu zetu sote huko Melbourne. Mgongo unaendeleaje? Wifi Lenče aliniambia simuni kwamba daktari amekukataza kubeba vitu vizito. Msikilize tafadhali, maana nakujua. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo tangu baridi ianze, lakini anakula vizuri na anagombana na majirani kama kawaida, kwa hiyo hatuna hofu.

Pilipili hoho mwaka huu zilikuwa tamu ajabu. Tumezipika ajvari, imejaa stoo, na chupa zenu tumeziweka kando mpaka apatikane mtu wa kuja huko.

Sasa habari za rafiki yako Kuzman. Kila ulipouliza nilikujibu kwa mkato. Sikuwa nakuficha, ila sikuwa na la kukufurahisha. Tangu alipoanguka kwenye jukwaa la mafundi pale kanisani, mkono wake wa kulia haukurudi. Kijiko anashika, patasi inamponyoka. Mtu aliyechonga malaika wengi wa makaburi yetu akawa wa kukaa kibarazani, akimkaripia mkewe Dragica kwa makosa ambayo mwanamke wa watu hakuyafanya.

Kiangazi kilichopita Cvetko, yule mwenye karakana ya marumaru, alinunua mashine inayochonga jiwe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Mashine anayo, wa kumchorea nyuso hana. Akamwambia Kuzman amletee malaika mmoja kamili kabla ya sikukuu ya Mitrovden, mwanzoni mwa Novemba. Akipendeza, watazungumza habari ya kazi. Kuzman akajifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, kwenye kompyuta kuukuu aliyoiacha binti yake. Uso ulikwenda. Alipofika kwenye mbawa, kompyuta ikawa inakwama kila akimgeuza malaika, naye anakaa kuisubiri kama mtu aliyepanga foleni benki.

Ndipo akaja dukani kwangu. Alikuwa ameuza mashine zake zote za kukatia mawe ili apate kompyuta mpya. Akaniambia, "Vaska, niundie wewe. Mimi humo ndani sijui mna nini. Chagua, ila ukikosea usiniambie."

Kaka, nimeunda kompyuta nyingi, lakini hiyo ilininyima raha. Kilichonitesa zaidi ni prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu zote. Moja ilikuwa kubwa, ya bei ya juu, yenye viini vingi vinavyoweza kufanya kazi kwa pamoja. Nyingine viini vyake vichache, lakini kila kimoja kina kasi zaidi. Ilko mume wangu hakuona la kufikiria. "Mtu kauza vyombo vyake, halafu unamnunulia ndogo? Mji mzima utasema Vaska kala chenji." Nikamuuliza kama yeye akienda kununua viatu huchukua vikubwa kuliko vyote dukani. Akanuna hadi chakula cha jioni.

Kwa kuwa ubishi haukunisaidia, nilikwenda kwa Kuzman nikakaa nyuma yake mchana kutwa, nikimtazama anavyofanya kazi. Katika kona ya skrini niliweka picha inayoonyesha kila kiini kinafanya nini. Kuzman akilivuta shavu la malaika, kiini kimoja kinahema kama punda mlimani, vingine vimelala. Programu yake ilikuwa haigawi kazi. Hapo nikapata jibu: nilichukua ile yenye viini vichache vya kasi, na fedha iliyobaki nikaiongeza kwenye kumbukumbu.

Jumamosi moja nikaiunganisha jikoni kwao. Dragica alikuwa akichoma pilipili kwenye roshani, nikamwomba afunge mlango moshi usituingilie. Kuzman alinimulikia tochi. Prosesa ilikaa mahali pake bila kulazimishwa. Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Nikachomoa nyaya, nikazichomeka upya. Nyeusi. Nikabadilisha hiki na kile. Nyeusi vilevile.

Kuzman akazima tochi. "Acha, Vaska. Si kosa lako. Siku hizi nikigusa kitu kinakufa."

"Hujagusa kitu. Umeshika tochi tu," nikamwambia. Niliitoa prosesa, nikasogea nayo dirishani kuangalia pini zake, nikijua kwamba ikiwa nimezipinda, hakuna fedha ya kununua nyingine. Zote zilikuwa wima, nikairudisha mahali pake.

Nilipotulia kidogo nikaliokota boksi la ule ubao mkuu ambao prosesa hukaa juu yake, nikasoma tarehe. Ulikuwa umetengenezwa kabla prosesa ile haijatoka. Ubao wa namna hiyo huwa na programu yake ndogo ndani, na ya huu ilikuwa ya zamani. Hakuna kilichoharibika. Nikacheka peke yangu mpaka Dragica akachungulia kupitia kioo cha mlango akidhani nimechanganyikiwa.

"Ubao haumjui mgeni," nikamwambia Kuzman.

"Basi watambulishe."

Nikakimbia dukani, nikapakua programu mpya kwenye flashi, nikarudi nikaichomeka nyuma ya mashine. Kuna kitufe kidogo cha kazi hiyo. Nikakibonyeza, taa ikaanza kumeta, nasi tukaikodolea macho. Dragica alileta kahawa, hakuna aliyeigusa. Taa ikazimika. Nikawasha kompyuta, na skrini ikajaa mwanga. Nikaketi pale pale sakafuni.

Tulipomaliza kuweka programu zake, Kuzman alimfungua malaika wake. Akamgeuza kwa mkono wa kushoto, na malaika akageuka papo hapo, mbawa na yote. Akamgeuza tena na tena. Dragica aliondoka haraka kurudi kwenye pilipili zake, nasi tukajifanya hatukuona kwa nini.

Mchoro ulifika kwa Cvetko wiki moja kabla ya Mitrovden. Siku jiwe lilipotoka kwenye mashine nilikuwepo. Marumaru nyeupe, uso mpole. Cvetko alikuwa anatabasamu. Kuzman akapitisha ule mkono wake mbovu shavuni, taratibu, akafika puani akasimama.

"Pua imelala. Hii siyo yangu. Nitairekebisha, kata jiwe lingine."

"Na hilo jiwe analipa nani?" Cvetko akauliza.

"Wewe. Si umeniajiri?"

Cvetko akageuka akawaita vijana walete jiwe. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba amepata kazi.

Nisalimie Wifi Lenče na wanao Goce na Biljana. Mama anakubusu, Ilko anakusalimu, na Dragica anasema nyumba yao sasa ina kelele za kupendeza. Mungu awape afya na atukutanishe meza moja tungali na meno.

Kuzman naye ana ujumbe. Anaomba usimpigie tena simu mchana, yuko kazini. Piga Jumapili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pale pale ulipo,
Vaska