Mafuta ya Midomo ya Karani Mwenzako

Baba Pacha,

Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Wachukue pacha shuleni saa kumi, usichelewe tena.

Usihangaike kutafuta yale mafuta ya midomo aliyokupa yule dada, karani mwenzako. Niliyachukua asubuhi ulipokuwa unaoga. Miezi miwili sasa midomo imekukauka na kupasuka. Mkeo nikikukaribia, unasema "inauma," lakini mafuta yake unapaka mara tano kwa siku! Nikajua mchawi nimempata, nikayapeleka kwa mfamasia.

Akayanusa, akasoma kopo. "Mama, haya hayana neno. Mnatumia dawa gani ya meno?" Nikamtajia ile ya mdalasini niliyokuletea mimi. "Basi hiyo ndiyo inayombabua," akasema.

Kumbe mimi nakuunguza, mwenzangu anakuponya! Imeniuma, sikufichi. ~~Nisamehe.~~ Tusameheane.

Ile ya mdalasini nimeitupa. Tumia ya watoto, iko bafuni. Mafuta yako yako juu ya friji.

Mimi nimekwenda kusuka. Kesho nakusindikiza kazini nikamshukuru huyo karani kwa mdomo wangu, na sitaki anikute kichwa timutimu.

Mama Pacha