Kijiko cha Bondeni Kilivyolala Ufipa

Rafiki yangu Alfonsi,

Sikuulizi hali, maana hata ulipokuwa hai nikikuuliza ulikuwa unaguna tu. Hali ya huku nitakupa mwenyewe. Mahindi tumevuna, baridi imeingia kwa hasira zake, na kijiko chetu, mtambo wetu wa kuchimbia, kimekufa. Ndiyo, kimekufa kweli. Miezi miwili baada ya kukuzika, gia boksi ikasaga meno pale tulipokuwa tunachimba msingi, na fundi akaniambia nisipoteze muda. Nilikaa juu ya tairi nikalia. Vijana walidhani nalilia chuma.

Basi ikabidi ninunue kingine, cha mtumba kama kile, na safari hii bila wewe. Unajua tulivyokuwa tunanunua. Mimi mdomo, wewe sikio. Mimi nacheka na muuzaji, nasifia watoto wake, naomba apunguze. Wewe unazunguka mashine kimya kama mtu aliyepoteza shilingi, halafu unatikisa kichwa, tunaondoka. Hukuwahi kunieleza umesikia nini. Nikikubana unasema, "Haifai." Basi! Bubu wewe.

Mkeo ametia fungu lako lote. Nilimwambia, shemeji, bakiza, una watoto. Akakataa, akasema kazi ni ya marehemu na haitafungwa. Kwa hiyo nikikosea mimi, Mama Neema anabaki na chuma uani, kuku wanatagia ndani. Hilo lilininyima usingizi, nisikufiche.

Nikasikia kuna kijiko cha matairi Mtowisa, kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Nikateremka. Alfonsi, lile joto la bondeni! Shati lilinigandia mgongoni kabla sijamaliza kusema shikamoo. Mzee akanipokea vizuri, akaniwekea wali na samaki, akaniita mwanangu. Kijiko chenyewe kinang'aa, rangi mpya. Dereva wake akagusa ufunguo, kikawaka hapohapo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme tumekubaliana.

Ndipo nikakumbuka neno moja, katika yale machache uliyowahi kunipa bure: "Mashine ya bondeni ilale kwanza Ufipa." Kule chini hata jiwe linawaka. Chuma kilichochoka kinajulikana asubuhi ya huku juu, mafuta yakiwa mazito na betri imekufa ganzi.

Nikamwambia mzee, mtambo upandishwe Sumbawanga, ulale nje usiku mmoja, asubuhi ukiwaka nalipa. Nilitegemea atakasirika. Akacheka, akasema, "Mwanangu, hata ukitaka ulale wiki." Hapo nikajiona mjanja kuliko wote. Dereva akaupandisha mlima mwenyewe, akafika jioni, akaomba aulaze kwa nduguye nje kidogo ya mji kwa sababu kuna uzio. Nikasema hamna neno. Mdomo wangu huo.

Asubuhi nikampitia shemeji pale Chanji, kwa kuwa alitaka aone hela ya mumewe inakoenda. Akajifunga kitenge juu ya sweta, tukaenda. Umande ulikuwa umetanda kila mahali, majani meupe, pumzi zinatoka moshi. Mzee naye alikuwa amepanda na basi, amejikunja kwenye koti. Tukasalimiana. Dereva akagusa ufunguo, na kijiko kikawaka mara moja, laini, bila kukohoa.

Nilipiga kofi, nakuapia. Nikaanza kumpa mzee mkono. Shemeji akasema, "Kizime kwanza."

Kikazimwa. Akapita kati yetu, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo. Halafu akapanda tairi, mama wa watu na kitenge chake, akaingiza mkono ndani kabisa, kwenye injini. Akashuka anajipangusa.

"Shemeji, hii ilishaamka. Chuma kilicholala nje hakipati joto hili kwa kuwaka mara moja. Na boneti ni kavu, umande wote huu."

Dereva akaangalia viatu vyake. Mzee akaanza maneno mengi, kwamba kijana alipasha tu injini kidogo kwa nia njema. Tukasema sawa, tutasubiri ipoe. Tukanywa chai kwa yule nduguye, tukasubiri mpaka chuma kikawa baridi. Dereva akajaribu. Kikalia kama mbuzi anayechinjwa, kikakata. Akajaribu tena, kikakata. Mpaka betri ikaisha hakikuwaka.

Njiani nikamuuliza shemeji nani kamfundisha. Akanishangaa. "Si huyo rafiki yako? Kila siku akirudi ni mashine, mashine, mpaka ugali unapoa. Nilikuwa nasinzia yeye anaongea."

Wewe! Ulikuwa unaongea! Nilikasirika, Alfonsi, sikudanganyi. Miaka yote hiyo mimi napewa "haifai", kumbe nyumbani unamwaga hotuba. Nikanuna mpaka tulipofika mjini. Kisha nikacheka, nikacheka hadi shemeji akaniuliza kama ni mzima, halafu kicheko kikageuka na tukalia wote wawili barabarani, watu wanapita. Nimekukumbuka sana, ndugu yangu. Nimekukumbuka mno.

Kijiko hatukununua. Kuna kingine Namanyere, tunakwenda wiki hii. Yeye ndiye ametaka kwenda. Ametoa mabuti yako chini ya kitanda, amevaa na soksi mbili, yanamkaa. Huku watu wameshaanza kusema mjane gani huyu. Waache waseme.

Haya, pumzika. Usiwe na wasiwasi na kazi yetu. Nakuahidi jambo moja tu: mkeo akiwa hajaweka mkono kwenye injini, mimi sifungui mdomo. Niombee, maana unajua mwenyewe lilivyo gumu.

Ni mimi rafiki yako,
Sabasi