Jicho la Mlango wa Wanawake

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Nimefagia ukumbi. Nimepanga viti. Fundi amemaliza mashine yake: jicho dogo kwenye mwimo wa mlango wa wanawake, na kisanduku chenye tarakimu nyekundu ukutani. Mtu akikatiza mbele ya jicho, tarakimu hupanda. Idadi ikitimia, kisanduku hulia, nami hufunga mlango. Tangu sakafu hii ya juu ipate ufa, Bwana Abeid mwenye ukumbi ana khofu ya msongamano.

Jumanne, 5 Agosti
Ijumaa kuna kupamba, bibi harusi kuonyeshwa wanawake jukwaani. Mwenye shughuli ni Bi Zuhura, anaoza mwanawe. Mwana huyo huyo aliyemposa Rukia wangu. Bi Zuhura akaivunja posa, akatangaza mtaani kuwa binti yangu ana kifafa. Uongo mtupu. Tangu hapo hapana aliyebisha hodi kwetu.
Namchukia. Nimeandika, sifuti.

Jumatano, 6 Agosti
Nilikuwa napangusa mwimo. Tambara likapita mbele ya jicho, tarakimu ikapanda. Nikapitisha tena. Ikapanda tena. Mashine haijui mtu na tambara.
Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Bi Zuhura kaja kuukagua ukumbi, na wenzake, na leso mpya za Biashara Street. Kawaonyesha mkufu atakaomvisha mkwewe jukwaani. Kisha kanigeukia.
"Waambaje, Mwanaidi? Rukia bado huanguka?"
"Hajambo, alhamdulillahi."
Nilirudi kupangusa mwimo mpaka alasiri.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefanya.
Niliegemea mwimo kama niliyechoka. Kila kundi likipita, upindo wa buibui langu nao wapita, wenda, warudi. Ukumbi haujajaa nusu, kisanduku kikalia. Nikafunga.
Bi Zuhura akaja mwisho, kama wakubwa wajavyo.
"Fungua, Mwanaidi. Mwenye shughuli ni mimi."
"Mashine yasema pamejaa."
"Pamejaa wapi? Viti vitupu naviona dirishani!"
"Huenda ni macho yako, Bi Zuhura. Watu huugua wasijijue."
Alinifahamu. Wanja ulimtiririka ngazini. Bwana Abeid alipoitwa akafungua, bibi harusi alikuwa keshateremshwa jukwaani.
Raha niliyopata, sijaipata miaka.

Jumamosi, 9 Agosti
Bwana Abeid kasema mashine mbovu, fundi aje aing'oe. Nimeendelea kufagia. Nilimhadithia Rukia, nikingoja acheke.
"Na yule bibi harusi, mama? Aliketi shingo tupu?"
Sikuwa nimemfikiria.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimetoka sokoni. Wanawake wawili mbele yangu wakinunua mchicha. Mama mkwe hakupanda jukwaani kumvisha bibi harusi mkufu, wasema. Basi msichana ana kasoro. Huenda ni maradhi. Mmoja kataja kifafa.
Nimesimama na kikapu. Ningeweza kusema. Sikusema.
Bi Zuhura bado namchukia.
Rukia kaniuliza habari za sokoni. Nikamwambia samaki ni haba. Tumekula. Kaosha vyombo, kajilaza ubavuni mwangu, kalala.